Maisha ya Samuel Johnson, mwenye kuandika kamusi ya Kiingereza



Katika namba iliyopita hatukupata nafasi ya kuleta maisha ya mutu wa zamani, kwani karatasi zilijaa habari za mupira. Safari hii tumeomba nafasi yetu mapema. Mutu tunayemuleta ni Samuel Johnson, Mwingereza. Wengi wetu tumeliona jina lake katika mabuku ya Kiingereza na kulipita. Tumemuchagua juu ya sababu mbili. Ya kwanza ni hii: kila mara mwalimu wa Kiingereza anapotutuma kutafuta neno katika diksionere, tunapita katika njia ambayo mutu huyu aliifyeka. Sababu ya pili tutaisema mbele kidogo.

Tuanze na neno tunaloishi ndani yake. Masomo, kwa Kiingereza, ni school. Neno hili lilitoka kwa Wagiriki, likapita kwa Warumi, likafika kwa Waingereza. Wafaransa nao walilitwaa, wakafanya école. Na kwa Wagiriki maana yake ya kwanza ilikuwa nini? Pumziko! Ni wakati ambao mutu hana kazi ya kumukimbiza. Tuliwaambia wenzetu wa enternati habari hiyo saa kumi na moja ya asubuhi, wakati wa kuteka maji, na hakuna hata mumoja aliyecheka. Lakini ni kweli. Kwa Wagiriki mutu mwenye nafasi njo aliweza kukaa na wengine na kuzungumza juu ya hekima, na mazungumzo yale, na pahali pake, vikapata jina la pumziko. Neno lilisafiri mpaka kwetu, raha ilibaki njiani.

Johnson mwenyewe hakupata pumziko nyingi. Alizaliwa tarehe 18 mwezi wa 9 mwaka 1709, katika muji wa Lichfield, katikati ya Uingereza. Baba yake, Michael, alikuwa muuza vitabu. Mutu asifikiri kwamba mwenye duka la vitabu ni tajiri. Michael alijua vitabu kuliko alivyojua hesabu, na madeni yalimufuata mpaka kaburini. Mutoto naye alizaliwa zaifu. Alipata ugonjwa wa tezi za shingo, ambao ni ndugu wa kifua kikuu, ukamuachia makovu usoni na kuharibu macho yake. Jicho moja lilikuwa karibu kufa kabisa. Siku zile Waingereza waliamini kwamba mukono wa mufalme unaponya ugonjwa huo. Basi mwaka 1712 mama yake alimubeba mpaka London, Malkia Anne akamugusa, akamupa kipande cha zahabu cha kuvaa shingoni. Johnson alikivaa maisha yake yote. Lakini ugonjwa haukumusikia malkia.

Alikua mukubwa wa mwili, mwenye nguvu, mwenye uso wa kutisha watoto, na viungo vyake vilitikisika vyenyewe pasipo yeye kutaka. Watu waliomuona mara ya kwanza walifikiri ni mwenye wazimu. Kiisha alifungua kinywa, na wale watu walinyamaza. Vitabu alivisoma katika duka la baba, si kwa ratiba, bali kama mutoto anavyokula maembe: anachukua lililo karibu, anauma, akiona tamu anaendelea.

Siku moja baba yake alikuwa mugonjwa, akamuomba aende kwa nafasi yake kuuza vitabu sokoni katika muji wa Uttoxeter. Kijana alikataa. Aliona haya kusimama nyuma ya meza ya soko. Inasimuliwa kwamba karibu miaka hamsini nyuma yake, wakati Johnson alipokuwa muzee na jina lake likijulikana kila pahali, alirudi Uttoxeter siku ya soko, akavua kofia, akasimama muda murefu katika mvua pale ambapo meza ya baba ilikuwa. Watu walipita wakimucheka. Baba alikuwa amekwisha kufa tangu mwaka 1731.

Sasa ile sababu ya pili. Katika mwezi wa 10 mwaka 1728 Johnson aliingia universite ya Oxford, katika koleji ya Pembroke. Mama yake alikuwa amerizi feza kidogo, wakafikiri zitatosha. Hazikutosha. Viatu vyake vilipasuka mpaka vidole vikaonekana, na wenzake walianza kuvitazama. Mutu mumoja wa huruma aliweka viatu vipya mbele ya mulango wake usiku. Johnson alipoviona asubuhi alivitupa mbali kwa hasira. Kati yetu tulipoandika habari hii tulibishana: wengine wanasema alifanya upumbavu, wengine wanasema alifanya vema. Sisi wenye kuandika tunaona hivi: mutu aliyevileta alikuwa na moyo muzuri, lakini umaskini una masikio makali, unasikia hata kicheko kisichochekwa.

Nyuma ya miezi kumi na mitatu tu, katika mwezi wa 12 mwaka 1729, aliondoka Oxford pasipo diplome. Hakufukuzwa na mukubwa wa koleji. Mufuko njo ulimufukuza. Wale kati yetu ambao majina yao yanasomwa asubuhi mbele ya mistari, juu ya minervali, hawahitaji maelezo zaidi.

Ile diplome aliyoikosa ilimufunga njia miaka mingi. Alijaribu ualimu. Mwaka 1735 alimuoa mujane, Elizabeth Porter, aliyekuwa na miaka 46 wakati yeye alikuwa na 25. Watu walisema mengi, lakini Johnson alimupenda kweli, akamuita Tetty mpaka siku ya mwisho. Kwa feza za Tetty walifungua masomo katika kijiji cha Edial, karibu na Lichfield. Wanafunzi walikuwa wachache sana. Mumoja wao, David Garrick, kazi yake kubwa ilikuwa kuigiza namna mwalimu anavyotikisika na namna anavyosema na muke wake. Baadaye Garrick akawa muchezaji wa teatri mwenye sifa kuliko wote katika Uingereza, ni kusema mazoezi yale hayakupotea bure. Masomo yalifungwa. Mwaka 1737 mwalimu na mwanafunzi wake walikwenda pamoja London kutafuta maisha. Mwaka 1739 palikuwa na tumaini la kumupa Johnson ukubwa wa masomo mamoja, lakini sheria ilidai diplome. Rafiki walijaribu kumuombea hiyo diplome kwa wakubwa, hawakuipata.

Basi aliishi kwa kalamu. Aliandika kila kitu: habari za bunge, mashairi, maisha ya watu, tafsiri. Hata kitabu chake cha kwanza kilikuwa tafsiri kutoka Kifaransa, habari za safari ya Padri Lobo, Mureno, katika inchi ya Abisinia. Siku zingine alikosa chakula. Usiku mwingine alizunguka barabarani na rafiki yake Savage mpaka asubuhi, kwani hawakuwa na feza ya kulala.

Hapa tunapashwa kusimama kidogo na kuangalia ile luga yenyewe, ili mupate kuona mutu huyu aliingia kazi ya namna gani.

Kiingereza si luga ya ukoo mumoja. Ni kama soko ambapo kila kabila lililopita limesahau kitu. Dirisha ni window. Neno hili liliachwa na Wavikingi, watu wa kaskazini waliokuja kwa merikebu, na maana yake ni jicho la upepo. Asubuhi tunakula breakfast, ni kusema tunavunja mufungo, hata kama tumefunga usiku mumoja tu, na hata kama ni chai tupu. Tukiagana tunasema goodbye, na wengi hatujui kwamba tumeombeana baraka: ni maneno ya kusema Mungu awe pamoja nawe, yaliyokatwa na ulimi wa haraka. Mwaka 1066, William, mutawala wa Normandie, alivuka bahari akatwaa ufalme wa Uingereza, na kwa miaka mingi wakubwa wa inchi walisema Kifaransa. Njo maana ngombe akiwa hai shambani ni ox au cow, lakini akifika mezani anageuka beef, ambaye ni boeuf wetu wa kalasi ya Kifaransa. Nguruwe ni pig katika matope, pork katika sahani. Kondoo ni sheep malishoni, mutton mezani. Maskini alimuchunga kwa Kiingereza, bwana akamula kwa Kifaransa.

Na maneno hayakai pahali pamoja. Journey, safari, ni journée yetu: zamani ilikuwa mwendo wa siku moja, leo inaweza kuwa ya mwezi muzima. Na lile neno nice, ambalo tunalitia mara kumi katika redaksio moja tukikosa lingine? Lilitoka kwa neno la Kilatini la kusema asiyejua kitu. Wafaransa wa zamani waliita nice mutu mupumbavu. Polepole, miaka mia juu ya miaka mia, likawa mutu wa haya, kiisha mutu wa kuchagua sana, kiisha likawa muzuri. Silly lilifanya safari ya kinyume: zamani lilisema mwenye heri, leo linasema mujinga. Maneno mawili yalipishana njiani, na hakuna polisi aliyeuliza vitambulisho.

Kamusi zilikuwako mbele ya Johnson, lakini zilikuwa zaifu. Nyingi zilikusanya maneno magumu tu, na maneno ya kila siku ziliyaruka, kana kwamba kila mutu anayajua. Jaribuni wenyewe kueleza maana ya neno kutia, au kupiga, mutaona. Mwaka 1746 wauza vitabu wa London walipatana na Johnson: aandike kamusi kamili, wamulipe gine 1.500, ni kusema paundi 1.575, na ndani ya feza hizo alipe wasaidizi wake mwenyewe. Aliahidi kumaliza kwa miaka mitatu. Watu walimukumbusha kwamba kule Paris wenye elimu 40 wa Akademi ya Kifaransa walitumika miaka mingi kwa kamusi yao. Yeye alipiga hesabu kwa kucheka, akaonyesha kwamba Mwingereza mumoja kwa miaka mitatu ni sawa na Wafaransa 40 kwa miaka 40. Wapenzi wa matematika watamusamehe. Miaka mitatu ikawa karibu tisa.

Alikodi nyumba katika Gough Square, London. Ingali inasimama mpaka leo. Kule juu, chini ya paa, alitia meza kama za makarani, na wasaidizi sita, ambao watano walikuwa Waskoti. Kazi ilikwenda hivi. Johnson alisoma vitabu vya waandishi wazuri. Akiona neno limetumiwa vema, alilitia mustari kwa kreyo, akaandika herufi yake ya kwanza pembeni. Msaidizi alinakili ile sentensi katika kipande cha karatasi. Vipande vilipangwa kwa herufi, na Johnson akachunguza: neno hili lina maana ngapi? Vitabu alivyoazima kwa rafiki vilirudi vichafu kwa kreyo, kama vilirudi. Hapa ndipo tunaona uzuri wa kazi yake. Hakukaa kitini na kuamua neno lifanye nini; alilifuata kama muwindaji anavyofuata nyayo, akaona lilipopita. Neno dogo take, ambalo tunadhani tunalijua tangu mwaka wa kwanza wa Kiingereza, alilipata na maana 134.

Kazi ilikwama mara nyingi. Kwanza alianza kuandika katika makaye, akaona nafasi haitoshi, ikamupasa kupanga tena upya. Mara ingine sehemu moja iliandikwa pande zote mbili za karatasi, na wachapaji hawakuweza kuitumia. Ikaandikwa tena yote, kwa feza yake. Sisi wa gazeti hili tunaelewa maumivu haya. Feza zilikwisha, wauza vitabu walichoka kungoja. Kiisha, katika mwezi wa 3 mwaka 1752, Tetty alikufa. Johnson alilia kama mutoto. Miaka yote iliyobaki aliandika sala zake za kumukumbuka, na baadaye alisikitika kwamba kitabu kimekwisha na yule aliyetaka kumufurahisha hayuko tena kukiona.

Kuna jambo la bwana mukubwa mumoja, Lord Chesterfield. Wakati wa kuanza, Johnson alitoa mupango wa kazi yake kwa jina la bwana huyo, akitumaini musaada. Alingoja katika chumba cha wageni, akarudishwa. Miaka saba hivi ilipita kimya. Kamusi ilipokaribia kutoka, Chesterfield akaandika katika gazeti kuisifu sana, kana kwamba alikuwa baba yake. Johnson alimuandikia barua mwezi wa 2 mwaka 1755, yenye adabu katika kila neno, na ikakata kama wembe: ya kwamba musaada unaokuja wakati mutu amekwisha kufika ngambo si musaada tena. Tunaongeza jambo dogo. Neno lord lenyewe, katika Kiingereza cha zamani sana, lilikuwa maneno mawili yaliyounganishwa, mulinzi wa mukate. Na lady, muke wa bwana, alikuwa mukanda unga. Mulinzi wa mukate! Johnson aligonga mulango wa mulinzi wa mukate, na hata kombo hakupata.

Katika mwezi ule ule wa 2, rafiki zake wa Oxford walifaulu kumupatia diplome ya Master of Arts, ile aliyoikosa tangu miaka 25. Ilifika kwa wakati wa kutiwa katika ukurasa wa kwanza, pembeni ya jina lake. Tarehe 15 mwezi wa 4 mwaka 1755 kamusi ilitoka: vitabu viwili vikubwa vya kubebwa kwa mikono miwili, maneno 42.773, na mifano zaidi ya 100.000 kutoka kwa waandishi.

Ndani yake mulikuwa elimu, na mulikuwa pia Johnson mwenyewe, kwani hakuweza kujificha. Neno oats, namna ya nafaka, alilieleza kwamba katika Uingereza wanapewa farasi, lakini katika Skotlandi ni chakula cha watu. Tunajiuliza wale Waskoti watano waliokuwa wakinakili walisema nini siku ile. Mwandishi wa kamusi alimuita mutumishi wa kazi nzito asiyeumiza mutu. Pension, feza ya serikali, aliieleza kama malipo ya mutu anayesaliti inchi yake. Na mwaka 1762 mufalme akamupa yeye mwenyewe pension ya paundi 300 kwa mwaka! Aliuliza rafiki kama inafaa kuipokea, wakamutuliza, akaipokea. Juu ya buibui tarantula aliandika kwamba aliyeumwa naye anaponyeshwa kwa muziki peke yake, kama walivyoamini wengi siku zile. Juu ya herufi X alisema haianzishi neno lolote la Kiingereza, akaendelea na Y.

Mabibi wawili walimusifu kwa sababu hakutia maneno machafu katika kamusi. Aliwajibu kwa kuwauliza kama basi waliyatafuta. Hapa hatutaji majina, lakini diksionere ya Kifaransa ya kalasi yetu inajifungua yenyewe katika kurasa fulani.

Makosa yalikuwako, na namna yake ya kuyapokea inatupendeza kuliko kamusi yenyewe. Kuna sehemu ya muguu wa farasi, juu kidogo ya ukwato, inayoitwa pastern. Johnson aliandika kwamba ni goti. Mwanamuke mumoja alimuuliza namna gani aliweza kukosa hivyo. Mutu mwingine angetafuta kisingizio, angewatupia Waskoti. Yeye alijibu kwamba ni ujinga tu, basi.

Asili ya maneno njo ilikuwa pahali pake pa hatari zaidi, kwani elimu hiyo ilikuwa ingali changa. Alikisia kwamba spider, buibui, labda ni mupelelezi wa mududu dor. Leo tunajua neno linatoka kwa kusokota, kazi ya buibui. Lakini habari ya kufurahisha zaidi ni ya curmudgeon, muzee muchoyo, mwenye hasira. Johnson alipata barua kutoka kwa mutu asiyejitaja, ikisema neno linatoka kwa Kifaransa, coeur méchant, moyo mubaya. Kwa uaminifu wake aliandika maelezo yale, na mwisho wake akaongeza kwamba ni ya mwandikiaji asiyejulikana. Mwaka 1775 mutu mwingine, John Ash, alitoa kamusi yake. Alinakili kwa Johnson, lakini inaonekana Kifaransa hakukijua. Akaandika kwamba coeur maana yake ni asiyejulikana, na méchant maana yake ni mwandikiaji! Wanafunzi wanaonakili devoari za wenzao pasipo kusoma wana baba yao wa zamani.

Johnson alipoanza alifikiri kamusi itafunga maneno kwa kamba, yasibadilike tena. Alipomaliza alikiri katika utangulizi kwamba tumaini lile lilikuwa la bure, luga haifungwi. Alikufa mbele ya elimu mupya kuanza. Mwaka 1786 William Jones, mumoja wa kundi la rafiki zake, alionyesha kule Calcutta kwamba Kigiriki, Kilatini na Kisanskriti cha India ni kama watoto wa mama mumoja, na tangu hapo watu walianza kutafuta asili ya maneno kwa sheria, si kwa kukisia.

Sifa haikuleta mukate mara moja. Mwezi wa 3 mwaka 1756, karibu mwaka mumoja nyuma ya kamusi kutoka, alikamatwa kwa deni la paundi 5 na shilingi 18, akaokolewa na mwandishi mwenziwe, Samuel Richardson. Mwaka 1759 mama yake alikufa, na Johnson akaandika hadisi ya mwana wa mufalme wa Abisinia, jioni za juma moja tu, apate feza za mazishi. Ile pension tuliyoitaja njo ilimutoa katika shida.

Nyumba yake ilijaa maskini: kipofu mumoja, muganga asiye na diplome, wajane. Walikula kwake na kugombana wao kwa wao. Alikuwa na paka, jina lake Hodge, na alikwenda yeye mwenyewe kumununulia chaza, asitume mutumishi, kusudi mutumishi asione zarau ya kutumikia paka. Habari hizo tunazijua kwa sababu ya Muskoti James Boswell, aliyemujua tangu mwaka 1763, akaandika kila alichosikia.

Mutumishi yule aliitwa Francis Barber. Alikuwa Mweusi, alizaliwa katika utumwa kule Jamaika, akaletwa Uingereza angali mutoto, akaingia nyumba ya Johnson mwaka 1752, siku chache nyuma ya kifo cha Tetty. Johnson alichukia utumwa wazi wazi, wakati wakubwa wengi walitajirika kwa huo. Alimulipia Barber masomo miaka kazaa, akiwa mutu muzima. Mutu aliyekosa feza za Oxford alilipa minervali ya mwengine. Johnson alipokufa, tarehe 13 mwezi wa 12 mwaka 1784, alizikwa Westminster Abbey pamoja na wakubwa wa inchi, na sehemu kubwa ya mali yake akamuachia Barber. Watu wengine walinungunika sana. Barber alihamia Lichfield, baadaye akafundisha watoto katika masomo madogo kule Burntwood, akafa mwaka 1801. Wajukuu wa wajukuu wake wangali wanaishi sehemu zile.

Waingereza walitumia kamusi ya Johnson zaidi ya miaka mia, mpaka ile kubwa ya Oxford, iliyoanza kutoka mwaka 1884 na kumalizika mwaka 1928, na hata hiyo ilichukua mengi kwake. Juu ya curmudgeon wenye elimu wa Oxford walitafuta sana. Waliandika kwamba asili yake haijulikani.

Diksionere ya Kiingereza ya masomo yetu iko katika kabati ya pili, karibu na dirisha. Ukurasa wa herufi X umepasuka, lakini kurasa za C ziko zote. Mwenye kutaka kuangalia aombe ufunguo kwa mwalimu wa Kiingereza, siku ya tatu na siku ya tano nyuma ya saa nane, na asilete kreyo.